Mawakala, tuuzieni huduma ya kusajili betri peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ya wasomaji. Nina neno na mawakala wa magari ya kifahari hapa Dar es Salaam, na nina neno pia na wenzangu tunaomiliki magari hayo huku tukiogopa hata kufungua buti tukaona kilichomo.

Nijitambulishe kwanza, maana najua mtu akisikia BMW au Mercedes anasema, "Mwenye nacho naye analia nini?" Mimi ni mama wa Tabata, kazi yangu kukodisha magari ya maharusi. Gari langu la kutegemewa ni BMW nyeupe ya 3 Series, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2005 ambalo mafundi huliita E90. Nililiagiza Japani likiwa limeshatumika, kama tunavyoagiza wengi. Ndilo linalolipa ada za shule na kodi ya fremu, na likilala Jumamosi moja, mtu ameshakodi kwingine na jina limeharibika. Wengi mnaotuona barabarani na magari haya ndivyo tulivyo: tumeyapata kwa mkono wa pili au wa tatu, lakini kila tukigusa mlango wa gereji tunapigiwa hesabu ya mtu aliyelinunua jipya Ulaya.

Betri ilipoanza kuchoka, gari lenyewe lilisema. Alama nyekundu ya betri ikatokea mbele ya usukani, redio ikawa inajizima dakika chache baada ya injini kuzimwa, na asubuhi stata inavuta kwa kusitasita. Nikaenda kwa wakala, ambaye jina lake nalihifadhi. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu zake, "Shikamoo mama, karibu ukae," maji ya baridi yakaja, na baadaye karatasi ya makadirio ikaja pia: shilingi 1,380,000.

Nikamwomba anichambulie. Betri bei yake, ufundi bei yake, kisha mstari ulioandikwa "programu", yaani kuisajili betri kwenye kompyuta ya gari, kisha VAT asilimia 18. Betri siwezi kuilalamikia sana. Ilikuwa na nembo ya kiwanda cha gari, na nembo ina bei yake. Kilichonishangaza ni ule mstari wa programu, kwa sababu haukuwa na bei inayojitegemea. Nikamuuliza, "Mwanangu, nikileta betri yangu ya aina hiyo hiyo, mtanisajilia tu kwenye kompyuta na mimi nikawalipa kazi hiyo?" Akaenda ndani kuuliza, akarudi: "Mama, hatusajili betri ya nje."

Hapo ndipo penye hoja yangu yote, Mhariri. Sisemi wakala ni mwizi. Ana jengo la vioo, ana mafundi waliosomeshwa, ana vifaa vya gharama. Auze betri yake kwa bei anayotaka. Ila anapokataa kazi ya dakika kumi ili nilazimike kununua mzigo wa zaidi ya milioni, hapo hauzi tena huduma, anafunga geti.

Kwa wasiojua, nieleze kazi hiyo ni nini, maana hofu yetu imejengwa juu ya kutokujua. Kwenye kichwa cha hasi cha betri ya gari hili kuna kidude kidogo chenye waya. Kinapima umeme unaoingia, unaotoka, na joto la betri, kisha kinapeleka habari kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo inaweka kumbukumbu ya betri tangu ilipofungwa, na kwa kumbukumbu hiyo inaiamuru alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ichaji vipi. Ukitoa betri kongwe ukaweka mpya bila kuiarifu, yenyewe inaendelea kumhesabu mgeni kuwa ni yule mzee. Gari litawaka, litakwenda, hutaona kitu. Ila betri mpya inachajiwa kwa mpango wa betri iliyochoka, na itakufa kabla ya siku zake. Kusajili ni kuchomeka mashine kwenye tundu lililo chini ya usukani na kuiambia kompyuta kwamba betri mpya imefungwa leo. Basi. Ukibadilisha na aina ya betri, au ukubwa wake wa ampea, kuna hatua ya ziada ya kuiandikia kompyuta vipimo vipya. Ukiweka inayolingana na iliyotoka, hatua hiyo haihitajiki.

Wapo mafundi wanaosema mambo haya ni mbwembwe za Wajerumani. Mimi huwajibu kwa swali moja: betri ikifa mapema, utanilipa? Sijapata aliyeitikia.

Nilichofanya ni hiki. Nilifungua buti, upande wa kulia, nikatoa kifuniko cha pembeni, nikaisoma betri yenyewe. Kila kitu kimeandikwa pale kwa anayetaka kusoma: AGM, ambayo ni aina yake; 80 Ah, kiasi cha umeme inachobeba; 800 A, nguvu yake ya kuwashia injini. Nikapima kwa futi: urefu milimita 315, upana 175, kimo 190. Nikapiga picha kwa simu, nikaingia Kariakoo, mitaa ya Gerezani, na ile picha mkononi.

Niseme kidogo kuhusu hizo herufi AGM, kwa sababu ndizo zinazowaponza watu. Hiyo ni betri ambayo asidi yake haichezichezi kama maji ndani ya ndoo. Imenyonywa na matandiko ya nyuzi za kioo yaliyo katikati ya sahani za risasi. Huwezi kuifungua ukaongeza maji. Inavumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi, ndiyo maana magari yenye umeme mwingi hufungiwa hiyo. Bei yake ni kubwa kuliko ya betri ya kawaida hata dukani, na muuzaji anayekupa "AGM" kwa bei ya betri ya Noah anakuuzia stika.

Maduka ya Gerezani yana watu wa kila namna. Yapo yanayopanga betri barazani, jua la saa nane linazichoma, na mwenye duka anakuambia ni mpya kwa sababu nailoni haijatoka. Betri ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa inajila yenyewe polepole, na joto la mji wetu huiharakisha. Kwa hiyo mambo mawili sikuyaachia: tarehe ya kutengenezwa, na mita. Duka nililonunua walinipimia mbele ya macho yangu, ikasoma volti 12.8, yaani imejaa, na tarehe ilikuwa ya mwaka huo huo. Nikalipa shilingi 540,000 nikapewa risiti ya EFD na kadi ya waranti. Risiti hiyo, jamani, msikubali kuikosa. Bila risiti, waranti ni hadithi.

Kisha nikamtafuta kijana mmoja wa Ilala ambaye ana mashine yake ya kupimia magari, kile kibao kama simu kubwa chenye waya wa kuchomeka. Kabla ya kugusa betri, alifanya jambo ambalo wakala hakulifanya: aliwasha gari na kupima alteneta. Ikasoma volti 14 na kitu. Akaniambia, "Mama, alteneta nzima, kwa hiyo betri unayonunua haitakufa kwa kosa la mwingine." Kwa kauli hiyo tu alistahili nusu ya pesa yake.

Spana namba 10 kwa vichwa vya betri, namba 13 kwa kibano kinachoishikilia chini. Akaanza kufungua hasi, kisha chanya. Kufunga akaanza na chanya, akamalizia na hasi. Buti akaliacha wazi muda wote, kwa sababu linafunguka kwa umeme, na ukilifunga wakati betri imetolewa umejifungia nje ya kazi yako. Kichwa cha chanya alikishika taratibu bila kukigonga. Kwenye waya wa chanya wa gari hili kuna kifaa chenye baruti kidogo, ambacho gari likigongana hukata umeme mkubwa ili usilete moto. Nimeona kwa macho yangu fundi mwingine akikipigia nyundo kichwa kama hicho kwa sababu kimebana.

Akachomeka mashine, akasajili, akafuta kumbukumbu za hitilafu. Taa moja ya usukani iliyobaki ikazimika alipozungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mwisho kushoto. Nikarekebisha saa. Nikampa shilingi 40,000. Jumla yangu 580,000, na chenji ya bei ya wakala ikalipia matairi mawili ya mbele.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana sitaki mtu asome barua hii akimbilie fundi wa kwanza aliye chini ya mwembe. Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha wenye magari ya maharusi alikimbia bei ya wakala akafungiwa N70, betri nzuri tu kwa gari la Kijapani. Kwenye buti la BMW haikai. Ni ndefu kwenda juu, na haina ule ukingo wa chini ambao kibano cha Kijerumani hukamatia. Fundi akaifunga kwa mpira wa kubebea mizigo ya bodaboda, akasema "haiendi popote hiyo". Zaidi ya hapo, kuna kibomba chembamba cha plastiki ambacho huchomekwa ubavuni mwa betri kupeleka gesi nje ya gari. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hii iko ndani ya buti, si mbele ambako upepo unapita. Ile N70 haikuwa na pa kuchomeka kibomba, kikaachwa kinaning'inia.

Ndani ya buti la gari la maharusi hukaa nini? Shela la kubadilisha, suti ya bwana harusi, viatu, maua, wakati mwingine na keki ndogo. Siku moja kwenye kona ya kuingia ukumbini betri ikalala upande. Asidi ikapita kwenye zulia ikafika kwenye begi la nguo. Nguo iliyoguswa na asidi haioneshi papo hapo. Inakaa, halafu inatoboka ukiivuta. Gauni la sherehe ya jioni lilitoboka mgongoni mikononi mwa msimamizi wa bibi harusi, chumba kizima wanatazama. Mwenzetu alirudisha pesa yote ya kukodi na kulipa gauni juu yake. Aliyekimbia milioni moja na ushee aliilipa, tena na fedheha.

Kuna swali ninaloulizwa sana na wenzangu: kwa nini betri zetu hufa haraka kuliko za mabosi wa maofisini wenye magari hayo hayo? Jibu liko kwenye kazi yenyewe. Tazama msafara wa harusi wa hapa Dar. Mbele pick-up ya matarumbeta, nyuma sisi, tunakwenda mwendo wa mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Indiketa zote zinawaka, kiyoyozi kiko mwisho kwa sababu bibi harusi anatoka jasho na vipodozi vitayeyuka, muziki uko juu, simu tatu zinachajiwa. Injini inanguruma chini chini, na alteneta kwa mzunguko huo haitoi kama inavyotoa barabara ya Bagamoyo usiku. Tukifika Coco Beach kupiga picha, injini inazimwa ila milango minne iko wazi, taa za ndani zinawaka, muziki unaendelea, mpiga picha anasema "mama, moja ya mwisho" mara nyingi kuliko ukweli. Kisha Jumatatu mpaka Alhamisi gari limeegeshwa. Betri ya namna hiyo haijai hata siku moja, na betri ya risasi isiyojaa sahani zake hujenga ukoko usiotoka tena.

Dawa yake si betri ya bei mbaya zaidi. Nimenunua chaja ndogo yenye mpangilio wa AGM, katikati ya wiki naichomeka usiku kwenye vile vituo vya kuchajia vilivyo chini ya boneti, ambavyo watu wengi hawajui kwamba vipo. Hapo hapo ndipo pa kubustia gari likizima, hamna haja ya kuvuruga buti. Chaja ya kizamani ya gereji isiyo na kikomo msiipeleke kwenye AGM. Ikipita kama volti 14.8 inaikausha, na kilichokauka hakirudishiwi maji.

Wenye Mercedes nao wana la kwao. Baadhi zina betri ndogo ya pili inayosaidia mifumo fulani, na ujumbe unaotokea kwenye dashibodi kuihusu hiyo ndogo umewafanya watu wauziwe betri kubwa mpya ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Someni ujumbe wote kabla ya kutoa pochi.

Betri kongwe nayo ni mali na ni sumu. Ya gari langu ina uzito unaozidi kilo 20, na sehemu kubwa ya uzito huo ni risasi. Kwenye makadirio ya wakala hapakuwa na punguzo la betri ninayoiacha. Duka la Gerezani walinipunguzia kidogo kwa kuwaachia. Ila nawasihi wenzangu msiwape vijana wa chuma chakavu wanaoivunja kwa shoka na kumwaga asidi mtaroni. Owino Uhuru, kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu wa mtaa mzima sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, ndiye aliyesimama mbele kupigania kifungwe, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Pesa hizo zilipiganiwa mahakamani kwa miaka mingine baada ya hapo. Hayo yalitoka kwenye betri kama hizi tunazoziacha nyuma ya gereji.

Nirudi kwa mawakala. Najua watasema mashine na programu ni mali ya kiwanda, na kwamba hawawezi kubeba dhamana ya betri wasioijua. La dhamana naliafiki: waandike kwenye karatasi kwamba betri si yao, mimi nitatia saini. La kwanza siliafiki. Huko huko Ulaya magari haya yalikotengenezwa, kanuni namba 858 ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya vifungu vya ile namba 715 ya mwaka 2007, inawalazimisha watengenezaji wawape mafundi huru taarifa za matengenezo. Fundi wa mtaani Munich analipia taarifa na kusajili betri bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisi wa Tabata tumekosa nini? Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani iliyozaliwa nayo. Naiomba Tume iangalie jambo dogo tu: je, mfanyabiashara anaweza kukataa kutoa huduma anayoitoa kila siku, mpaka kwanza ununue bidhaa yake?

Na wenye maduka ya betri, hamkupona. Andikeni tarehe ya kutengenezwa kwa tarakimu ambazo mteja anazisoma, si alama za siri za kiwandani zinazohitaji mganga. Wekeni mita juu ya meza. Mteja akiomba kupimiwa msimwangalie kama amewatukana.

Ombi langu kwa mawakala nalirudia kwa ufupi ili lisipotee: kwenye ubao wenu wa bei, pale palipoandikwa kubadilisha oili na kusafisha kiyoyozi, ongezeni mstari mmoja, "Kusajili betri ya mteja", na bei yake. Iwe hata shilingi 100,000, nitalipa na kunyamaza, kwa sababu nitajua nimelipia nini. Mwakani natarajia kuongeza gari la pili, nalo litakuja na betri ya Mjapani aliyeshaitumia. Mstari huo ukiwepo, nitaanzia kwenu. Usipokuwepo, namba ya yule kijana wa Ilala ninayo.

Mama wa magari ya maharusi,
Tabata, Dar es Salaam